KUMLILIA USIYEMJUA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Suala lenyewe ni hili. Mtu amekufa katika nchi ya mbali. Si ndugu yako wala jirani yako, hukupata kumpa mkono wala kula naye sahani moja, ila ulikuwa ukiisikia sauti yake katika santuri na redio. Khabari ya kufa kwake ikakufikia, nawe ukalia kama uliyefiwa nyumbani. Je, machozi hayo ni ya kweli au ni upuuzi? Na yakiwa ni ya kweli, yakupasa nini baada ya kuyafuta?

Vijana wanaosoma huliuliza suala hili, na wazee aghlabu hulijibu kwa kicheko. Lakini kicheko si jawabu. Machozi ni katika mambo mazito ya binadamu, na kijana akichekwa juu ya machozi yake huacha kuuliza, naye aliyeacha kuuliza hafundishiki tena. Basi tumeona afadhali tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu, na tumeshika khabari ya mtu mmoja ili maneno yetu yasielee hewani. Na mtu huyo asli ya uzawa wake ni katika pwani yetu hii.

KHABARI YA MTU HUYO

Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa mjini Unguja mtoto mwanamume, jina lake Farrokh Bulsara. Wazee wake walikuwa Waparsi wa Gujarat katika Bara Hindi, na dini yao ni ile ya Zoroaster ambayo vitabu vya Kiarabu huiita Umajusi. Baba yake alikuwa akifanya kazi ya fedha katika afisi ya serikali ya Kiingereza. Mtoto alipelekwa Bara Hindi kusoma katika skuli ya bweni ya Panchgani, akarejea Unguja mwaka 1963. Na baada ya mapinduzi ya Januari 1964 jamaa hao wakahama, kama walivyohama wengi, wakakaa Feltham karibu na London.

Mwaka 1970 aliungana na wapigaji wawili, Brian May na Roger Taylor, wakafanya bendi ya muziki wa roki wakaiita Queen. Na mwaka 1971 akaingia wa nne wao, John Deacon. Yeye mwenyewe akajiita Freddie Mercury, na kwa jina hilo akajulikana ulimwenguni. Tarehe 13 Julai 1985 aliimba katika uwanja wa Wembley mbele ya watu wapatao 72,000, na wasiohesabika wakimtazama kwa televisheni, katika tamasha lililofanywa ili kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia.

Kisha akapatwa na ugonjwa wa UKIMWI. Alilificha jambo lile kwa muda wa miaka, na waandishi wa magazeti wakawa wakimvizia mlangoni pake, katika mtaa wa Kensington, wapate picha ya kukonda kwake. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo akikiri kuwa anao ugonjwa huo, na jioni ya siku ya pili yake akafa, umri wake miaka 45. Tarehe 27 makuhani wa dini ya wazee wake walimsomea, maiti ikachomwa moto, na majivu yake yakawekwa mahali ambapo hata leo hapakutangazwa.

Basi wapenzi wake wakawa hawana kaburi la kuzuru. Wakaenda kwenye ukuta wa nyumba yake, wakaweka maua na mishumaa na barua, wakaandika juu ya ukuta na mlango maneno ya kumuaga. Wala hawakufanya hivyo kwa siku tatu au arubaini tu, bali kwa miaka mingi. Katika hao wengi hawakupata kumwona ila kwa mbali uwanjani, na wengine hawakumwona kabisa.

ANAYELIA ANALIA NINI?

Huenda mtu akasema: "Haiwezekani kumpenda usiyemjua. Huyu hakumjua mtu, amejua sauti tu. Basi analia bure."

Jawabu ni kwamba watu tunaowajua kwa ukamilifu ni wachache mno, na wengi tunaowapenda twawajua kwa upande mmoja tu. Mtoto husoma chuoni kwa mwalimu wake miaka mitatu. Hajui mwalimu amekula nini usiku, wala ana deni gani dukani, wala ana huzuni gani nyumbani. Alijualo ni sauti yake ikimsahihisha herufi, na kidole chake juu ya mstari. Na siku mwalimu akifa mtoto hulia, na hapana mzee mwenye akili anayemwambia, "Unalia nini, nawe hukumjua?" Kwani sehemu ile aliyoijua ilikuwa ya kweli, nayo imemwingia.

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Siti binti Saad alitoka Fumba katika Unguja, na mwaka 1928 akaenda Bombay sauti yake ikatiwa katika santuri. Santuri zile zikafika Lamu na Mombasa na Tanga na kwingineko, zikasikizwa na watu wasiopata kuuona uso wake. Na alipokufa mwaka 1950 walimsikitikia wengi ambao hawakupata kukaa naye barazani. Na mwaka 1975 alipokufa Umm Kulthum, watu walizijaza njia za Cairo hata jeneza likatoka mikononi mwa waliokuwa wakilichukua, likaenda kwa mabega ya umma. Je, wote wale walikuwa jamaa zake? Basi tusiseme kuwa mapenzi ya namna hii ni wazimu wa watu wengine. Tunayo sisi, ila tumeyazoea.

Na ukimwuliza huyu anayelia, na akajichunguza vyema, utaona analia mambo matatu yaliyochanganyika.

La kwanza ni deni. Mtu alikuwa mpweke katika chumba cha kupanga, au mgonjwa, au ameachwa, na sauti ile ikamwondolea uzito wa usiku mmoja. Mwimbaji hakujua wala hakudai ujira. Sasa amekufa, na aliyefaidika hakupata kumwambia ahsanta. Machozi yake ni ya mdaiwa aliyefika mlangoni akamkuta mwenye kudai ameondoka.

La pili ni umri wake mwenyewe. Nyimbo zile alizisikia alipokuwa kijana, na ujana ulikuwa umefungwa ndani yake. Mwimbaji alipokufa alijua kuwa na zama zile zimezikwa pamoja naye, na kwamba yeye naye yumo katika safu. Mara nyingi mtu hudhani anamlilia maiti, kumbe anajililia nafsi yake. Hili si aibu, illa ni lazima alijue, asije akamsingizia maiti huzuni isiyokuwa yake.

La tatu ni kutafuta wenzake. Msiba wa nyumbani una taratibu zake: watu huja, mikeka hutandikwa, kahawa hupikwa, mkono wa tanzia hutolewa. Huyu aliyefiwa na asiyemjua hana mkeka wa kukalia. Akisema kazini kuwa amefiwa huulizwa, "Na nani?" naye hana la kujibu. Ndiyo maana wale wa London wakaenda ukutani. Hawakwenda kwa sababu ya ukuta, bali walitaka kusimama karibu na mtu ambaye hatawauliza suala lile.

HUKUMU YA MACHOZI

Huenda mwengine akasema: "Mtu huyu hakuwa wa dini yetu, na maisha yake yalikuwa na mambo tusiyoyaridhia. Vipi Mwislamu amlilie?"

Ndugu yangu, katika neno lako umechanganya vitu vitatu ambavyo wanavyuoni wamevitenga: kusikitika, na kusifu, na kuomba maghfira. Kumwombea maghfira aliyekufa nje ya Uislamu, mlango wake umefungwa, na hukumu yake yajulikana. Kusifu yale ambayo sharia imeyakataza hakufai, awe aliyeyafanya yu hai au amekufa, awe ni wetu au si wetu. Lakini kusikitika kwa moyo na jicho kutokwa na chozi si katika mambo hayo mawili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akabainisha kuwa yale ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, na kujipiga mashavu, na kuchana nguo, na kusema maneno ya kumghadhibisha Mola. Na yajulikana katika hadithi sahihi kwamba lilipita jeneza akalisimamia, akaambiwa kuwa ni la Yahudi, naye akawauliza kama ile nayo haikuwa nafsi. Basi aliyesimama kwa ajili ya nafsi hakukiri dini ya mwenye nafsi.

Mwaka 2006 watu walitaka kufanya Unguja sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake mwimbaji huyu. Jumuiya moja ya Kiislamu ikaipinga, na sherehe ikavunjwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake pale Shangani. Watu wanayo haki ya kubishana kama mji usherehekee jambo fulani au usisherehekee, kwani sherehe ni sifa, na sifa ina hukumu yake. Ila katika mabishano kama hayo ni rahisi mtu kuvuka, akatoka katika kuikataa sherehe akaingia katika kumtukana maiti na kuufurahia ugonjwa uliomuua. Na kuwatukana maiti tumekatazwa, kwa kuwa wao wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza, na tusi halimfikii yeye, huwaumiza jamaa zake waliobaki.

HUZUNI YENYE KAZI NA HUZUNI ISIYO NA KAZI

Tumekwisha sema kuwa chozi halina kosa. Yabaki suala la pili: yampasa nini baada ya kulifuta?

Twawaona waliofiwa na mwimbaji huyu wakienda katika njia mbili. Wako ambao huzuni yao iliwageukia wenyewe. Kwa hao, aliyekuwa na santuri nyingi zaidi au picha nyingi zaidi au machozi mengi zaidi hujiona ndiye mfiwa khasa, na wengine ni wadandiaji. Huzuni ikawa mali ya kushindania. Tumeiona hii katika misiba yetu: mwenye kulia kwa sauti kubwa ajulikane kuwa alipendwa na marehemu kuliko ndugu zake. Na wako ambao miaka ikapita, nao hawakuvuka siku ile ya Novemba. Kila kitu cha uhai wao wakakipima kwa mtu aliyekufa, hata walio hai nyumbani mwao wakawa kama wageni. Sharia yetu imeweka siku tatu za kukaa msibani, ila mke kwa mumewe ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi; na katika hekima yake mmojawapo ni huu, kwamba walio hai wana haki juu yako ambazo maiti hawezi kukusamehe kwa niaba yao.

Na wako walioishika njia ya pili. Mwezi wa Desemba 1991 wimbo wake mashuhuri ulitolewa tena, na faida yake ikapelekwa kwa jumuiya ya London inayowasaidia wenye ugonjwa ule ule uliomuua. Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake watatu wa bendi wakawakusanya waimbaji pale Wembley, uwanja ukajaa tena, na fedha zikawa ndio mwanzo wa wakfu uitwao Mercury Phoenix Trust, ambao tangu siku hizo unachangia kazi za kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, na Afrika imo. Mtu wa London aliyelipa kiingilio kwa sababu ya huzuni yake, senti zake zimemfikia mgonjwa asiyepata kusikia hata jina la mwimbaji.

Hapa ndipo deni lile la kwanza linapolipwa. Mwenye kukudai ameondoka, humpati tena. Basi mlipe aliye katika hali aliyokuwa nayo yeye. Mpende mgonjwa kwa sababu ulimpenda mgonjwa. Huzuni ikifika hapo imekuwa na kazi, wala hapana wa kuiita upuuzi, ajapokuwa mwenye kufa hakumjua aliyemlilia.

AIBU YA MAITI

Na sasa, ndugu msomaji, tuyageuze macho yatutazame sisi.

Wahenga wamesema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na fiqihi yetu yamwamrisha mwosha aisitiri aibu aliyoiona, asiitoe nje ya chumba cha kuoshea. Basi tazama. Ugonjwa uliomuua mtu yule London ulikuwa umekwisha ingia kwetu. Tanzania bara wagonjwa wa mwanzo walijulikana Kagera mwaka 1983, Kenya mwaka 1984, na Unguja mwaka 1986. Mwaka ule wa 1991, wageni walipokuwa wakisimama katika baridi ya Novemba mbele ya ukuta wa mtu wasiyemjua, nyumba ngapi za pwani zilikuwa na mgonjwa katika chumba cha ndani, mlango umerudishwa, na sahani yake imetengwa na sahani za watu?

Hao walikuwa tunaowajua. Tulisoma nao chuoni, tukavua nao, tukasafiri nao katika vyombo. Walipokufa ilisemwa ni homa, au kifua, au wamerogwa. Jirani walihudhuria mazikoni kwa haraka, na wengine wakaondoka kabla ya talkini kwisha. Mjane alimaliza eda yake na watu hawapiti kibarazani pake, na watoto wakaitwa kwa jina la ugonjwa. Na yule aliyetakiwa kuisitiri aibu ndiye aliyeitangaza, kabla maiti haijafika kaburini.

Mtu aweza kujitetea kwa kusema kuwa watu waliogopa, na wakati ule hapakuwa na dawa. Ni kweli kuwa dawa zenye kuuzuia ugonjwa ule zilijulikana mwaka 1996, na kwetu zikachelewa zaidi. Lakini hofu ya kuambukizwa haielezi kusengenya, kwani ulimi hauambukizwi kwa kunyamaza. Na leo dawa ziko, mwenye ugonjwa huo hufanya kazi na kulea watoto kama wenzake, na bado wako wanaozimeza dawa zao kwa siri wakihofu jirani kuliko wanavyohofu mauti.

Basi ni nani mwenye haki ya kumcheka kijana aliyemlilia mwimbaji wa roki? Yule kijana alimlilia asiyemjua, na pengine huzuni yake ilimfikisha kwa mgonjwa mwengine. Mzee anayemcheka, huenda katika mtaa wake amezikwa anayemjua, naye hakutoa chozi wala neno la tanzia. Mizani ikiletwa, nani kati ya wawili hawa aliyefanya upuuzi?

MIZANI

Tukusanye maneno yetu yapate kushikika.

Ewe uliyefiwa na usiyemjua, lia. Chozi lako halina lawama maadamu ulimi umelindwa na mikono imetulia. Kisha jiulize: ni deni gani nililokuwa nalo kwake? Nimlipe nani badala yake? Na je, nyumbani kwangu yuko aliye hai ambaye naweza kumwambia ahsanta leo, kabla hajaingia naye katika waliopita? Kwani hasara ya kumlilia aliye mbali ni pale inapokuwa rahisi kuliko kumtumikia aliye karibu. Mwimbaji hakuombi maji usiku, wala hakuudhi kwa kikohozi. Mgonjwa wa nyumbani hukuomba na hukuudhi, na kwake ndiko yanakojulikana mapenzi ya kweli na ya uongo.

Nawe unayemcheka mwenye kulia, uzuie ulimi wako. Mkataze yaliyokatazwa, kwa upole na kwa dalili, wala usimkataze rehema ambayo Mola ameiweka moyoni mwake. Maana moyo ukizoezwa kuwa mgumu kwa wa mbali, hautakuwa laini kwa wa karibu. Ukitaka kumfundisha vyema, mshike mkono umchukue katika ile nyumba ya mtaani ambayo watu wameacha kuipitia, mkabishe hodi pamoja, mkae, mnywe maji katika gilasi za nyumba hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu, azihifadhi ndimi zetu na maiti wetu na maiti wa watu wengine, awaponye wagonjwa wetu waliodhihiri na waliojificha, na atujaalie mwisho mwema. Amin.